Mrejesho: gitaa la mbao tupu sasa linatoa sauti ya jazi

Ndugu zangu, ahsanteni. Niliuliza vipi gitaa langu la umeme, lile la mbao tupu lisilo na uwazi ndani, litatoa sauti nzito na laini ya jazi, maana lilikuwa likilia kama bati.

Kilichosaidia zaidi ni nyuzi. Nilitoa zile nyembamba za 9 (unene wa uzi mwembamba kuliko zote, kwa elfu za inchi), nikafunga za 12 zilizozungushiwa utepe bapa. Mkwaruzo wa vidole umekwisha, na noti inaanza kwa upole. Lakini nyuzi nzito zilivuta shingo, ikabidi fundi hapa Majengo akaze chuma cha ndani ya shingo kinachoizuia isipinde, na kupanua mifereji inayoshika nyuzi kule juu ya shingo. Msiiruke hatua hii.

Pikapu (kinasa sauti kilicho chini ya nyuzi) natumia ya upande wa shingo tu, kitufe cha toni nimekishusha hadi 4 hivi kati ya 10. Chini ya hapo sauti inafumbika. Piki, kile kibao kidogo cha kupigia nyuzi, nimeiweka kando, napiga kwa kidole gumba kama Wes Montgomery, mpiga gitaa la jazi wa Marekani.

Aliyenitajia Ed Bickert, Mkanada aliyepiga jazi kwa Telecaster, gitaa la mbao tupu kama langu, Mungu akubariki: nilikuwa tayari kuliuza langu. Juzi usiku nilipiga barazani, mzee jirani akatoka kuniuliza nimenunua lini gitaa la tumbo, lile lenye uwazi ndani.