Kwa nini barabara ya Dar es Salaam–Tunduma ilipandishwa Kitonga?

Mdadisi wa Njia
Ndugu wanajukwaa, nawasalimu. Reli ya TAZARA, iendayo Zambia, ikitoka Dar es Salaam hushika bonde la Kilombero, ikapita Ifakara na Mlimba, kisha ikaibukia Makambako. Barabara kuu iendayo mpaka huohuo wa Zambia hupita Morogoro, Mikumi na Iringa, tena hulazimika kuukwea mlima Kitonga, ambako malori yaliyosheheni hupanda kwa gia nzito na kuacha foleni ndefu nyuma yake. Je, ni nini kilichowafanya wajenzi wa barabara wasilifuate bonde?

Mwalimu Mstaafu
Ndugu Mdadisi, barabara hii haikuchorwa upya kama reli. Kipande cha kutoka Tunduma hadi Iringa kilikuwa sehemu ya njia kuu ya wakati wa ukoloni iliyotoka Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo), ikapita Mbeya, Iringa, Dodoma na Arusha hadi Nairobi. Kwa hiyo, msafiri aliyefika Iringa miaka ile alikuta njia kuu ikielekea kaskazini, wala si Dar es Salaam.

Kilichoigeuza ni siasa. Novemba 11, 1965, serikali ya walowezi ya Ian Smith ilijitangazia uhuru Rhodesia ya Kusini (Zimbabwe ya leo), na kabla mwaka haujaisha Zambia, isiyo na bahari na iliyotegemea njia za kusini, ilikuwa imekatiwa mafuta. Ikabidi mapipa ya petroli yapakiwe kwenye malori Dar es Salaam na shaba irudi kwa njia hiyohiyo, ambayo sehemu kubwa ilikuwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa masika. Haukuwapo muda wa kutafuta njia nyingine. Ilichukuliwa iliyokuwapo, ikapanuliwa na kutiwa lami kwa fedha za Benki ya Dunia na Marekani, kazi iliyofika miaka ya mwanzo ya 1970. Naiheshimu sana kazi ile, kwa kuwa nchi changa ilikubali barabara zake zichakazwe ili jirani asikabwe koo.

Dereva wa Nyanda za Juu
Nakubaliana na Mwalimu. Naongezea kuhusu Kitonga, kwa kuwa wengi huogopa kupanda, ilhali hatari kubwa iko kwenye kushuka. Ukitoka Ilula na mzigo, gia uichague kabla mteremko haujaanza. Anayetegemea breki peke yake atasikia harufu ya kuungua kabla hajafika Ruaha Mbuyuni, kule kwenye mibuyu na magunia ya vitunguu kando ya lami.

Msomaji wa Ramani
Nami niseme kwamba Kilombero nako hakukuwa na mteremko wa bure. Reli, iliyojengwa kwa msaada wa China kuanzia 1970, haiwezi kukwea mwinuko mkali kama lori, na hivyo kati ya Mlimba na Makambako wahandisi walilazimika kutoboa mahandaki na kujenga madaraja mengi kuliko kipande kingine chochote cha njia hiyo. Kuanzia Makambako reli na barabara hufuatana kupitia Chimala na Mbeya hadi Tunduma, kwa maana Kitonga na Mlimba ni milango miwili ya kupandia uwanda mmoja.