Jaji wangu anafikisha miaka saba: naweza kusema lolote Trenton?

BabaZuhura:
Hamjambo nyote. Mimi mtu wa Likoni, naendesha lori hapa New Jersey mwaka wa tisa sasa. Korti ya familia iliamua kesi ya wanangu wawili. Uamuzi sikuupenda, lakini kilichoniuma zaidi ni jaji kunikatiza kila nikifungua mdomo. Mkalimani alikuwa hajafika, na jaji akamwambia wakili wangu, nami nimekaa pale pale, eti mteja wako aongee Kiingereza au anyamaze. Sasa nasikia miaka yake saba ya muhula inakwisha, gavana atamteua tena na maseneta watamhoji. Je, mtu kama mimi ana nafasi ya kusema? Ama ni maigizo tu?

MamaMkalimani:
Pole sana, Baba Zuhura. Mimi ni mkalimani wa mahakama, kwa hiyo ushauri wa kisheria sikupi, huo muulize wakili wako. Ila utaratibu wa uteuzi si siri.

Kwanza ujue nafasi ni hii moja tu. Jaji wa Superior Court, mahakama ya jimbo ambayo korti ya familia imo ndani yake, huanza na miaka saba. Akiteuliwa tena na Seneti ya jimbo ikamwidhinisha, hapo ndipo atakapokaa mpaka afike miaka 70. Hakuna kurudi Trenton, mji mkuu wa jimbo, kuhojiwa tena.

Kikao cha Kamati ya Sheria ya Seneti kiko wazi, na mtu wa kawaida anaweza kujiandikisha akaongea. Nimewahi kukaa mle siku moja. Majaji walikuwa wamepangwa foleni na familia zao nyuma, watoto wamevalishwa suti. Aliyekuwa akirudi kuomba muhula wa pili aliulizwa swali moja au mawili, akapongezwa, akaitwa mwingine. Chai yangu ilikuwa bado ya moto.

Usidhani hawakumpima. Kazi kubwa huwa imeshafanyika. Mawakili hujaza fomu za siri kumpima jaji, na ripoti humfikia gavana na kamati. Chama cha mawakili nacho hutoa maoni yake. Ila wewe uliyekuwa na kesi hupewi fomu, na hapo ndipo ninapokasirika, maana wakili atakayemsema jaji vibaya ni yule asiyeogopa kurudi mbele yake.

Halafu kuna desturi ambayo haimo kwenye katiba: seneta wa kaunti anayotoka jaji asipotia sahihi, jina halisogei, na halazimiki kueleza sababu. Mwaka 1983 seneta Gerald Cardinale wa Bergen alimzuia Jaji Sylvia Pressler, ambaye aliwahi kuamua dhidi yake kwenye kesi ya kodi za wapangaji! Mwishowe mama yule alipita. Mwaka 1993 seneta John Dorsey wa Morris alimzuia Marianne Espinosa Murphy, jaji wa mahakama ya familia kama huyo wako. Watu walikasirika, na Novemba ya mwaka huohuo Dorsey akaanguka kwenye uchaguzi.

Kwa hiyo ukingoja siku ya kikao umechelewa. Mwandikie seneta wa kaunti anayoishi jaji, sasa hivi. Ukurasa mmoja. Usilalamikie uamuzi, maana huo dawa yake ni rufaa, na siku ni 45 tu tangu hukumu ya mwisho. Andika alivyokutendea.

Wakili_Nyeri:
Dada, mimi naogopa mambo hayo. Hapa Kenya jaji hukaa mpaka miaka 70, na kumng'oa ni mpaka tume na jopo maalumu. Jaji anayehesabu kura za maseneta ataamuaje kesi ya serikali?

MamaMkalimani:
Hoja yako ina uzito, kaka. Mwaka 2010 gavana Chris Christie alikataa kumteua tena John Wallace wa Mahakama ya Juu, mtu aliyebakiza chini ya miaka miwili kufika 70. Hakuna gavana aliyewahi kumfanyia hivyo jaji wa mahakama hiyo tangu katiba ya 1947. Maseneta wakagoma hata kumsikiliza aliyeteuliwa kushika kiti chake, wakavutana mwaka mzima. Hiyo siasa siitetei. Lakini jaji wa kumwambia mzazi anyamaze kwa sababu ya lugha yake, nani mwingine atamuuliza? Ipo kamati ya mwenendo wa majaji chini ya Mahakama ya Juu, na Baba Zuhura apeleke huko pia, nakala ileile.

BabaZuhura:
Nashukuru, dada. Wakisema sikuambiwa maneno hayo je? Wakili wangu hataki kuandika chochote, anasema ana kesi nyingine mbele ya jaji huyo.

MamaMkalimani:
Nilikwambia. Basi usimtegemee yeye. Mashauri hurekodiwa kwa sauti. Omba rekodi ya siku hiyo, utaje namba ya kesi na tarehe, kisha andika dakika yenyewe ambayo maneno yalitamkwa. Tarehe unaikumbuka?

BabaZuhura:
Ilikuwa Jumanne, baada ya mchana. Tarehe siikumbuki, lakini risiti ya maegesho bado iko ndani ya lori, nimeiona juzi nikitafuta leseni. Nateremka kuitafuta.