Tupeane uzoefu: posta ndogo za vijijini kwetu milimani, barua na hawala zilikufikiaje?

Mlima Livingstone
Kamwene wakuu. Juzi nilipanda Makete msibani, tukapita kile kijumba cha posta ya zamani pale njia panda. Dirisha la kaunta ni lile lile, ila ndani sasa kuna jamaa anasajili laini na kutoa hela za simu. Nikaanza kucheka peke yangu kwenye gari. Mliokulia Makete, Ludewa, Rungwe, Mufindi, Ileje: barua zilikufikiaje? Mimi mpaka namaliza kidato cha nne anwani yangu ilikuwa S.L.P. ya shule ya msingi, na shule yenyewe ilikuwa "kupitia" misheni. Halafu mpaka leo fomu za kazi zinadai S.L.P., sijui hata niandike nini. Tiririkeni.

Ulanzi Baridi
Paredi ya asubuhi! Mwalimu wa zamu anasoma majina ya barua za kijiji kizima, mtoto unakabidhiwa za majirani upeleke. Mpaka zifike, njiani zimechezewa mdako, zimelowa, na nusu ya darasa wanajua shemeji yako wa Mafinga kaandika nini.

KonaHamsini
Matamba hapa. Fuko la barua lilipanda toka Chimala juu ya lori la viazi, zile kona 57. Mvua zikikolea lori halipandi, na fuko linalala huko chini. Mtu anakutakia heri ya mwaka mpya, wewe unasoma mwezi wa tano.

Binti Kyela
Watu wa Makete nao wanaongelea mvua. Njooni Tukuyu.

KonaHamsini
Tukuyu mna lami. Kaa kimya.

Binti Kyela
Lami ya juzi hiyo!

Bibi wa Rungwe
Ndaga fijo kwa uzi huu. Babu yetu alikwenda Wenela, machimbo ya dhahabu Afrika Kusini, kama wanaume wengi wa Unyakyusa kabla serikali haijakataza watu kuchukuliwa kule mwanzoni mwa miaka ya 1960. Bibi hakujua kusoma. Barua ikija anaifunga kwenye upindo wa kitenge, anapanda nayo hadi kwa mwinjilisti asomewe. Mwinjilisti akishasoma, lazima bibi aache ndizi. Barua ikiwa fupi anadai ndizi arudishiwe. Na majibu yaliandikwa na mwinjilisti huyo huyo, kwa hiyo babu alikuwa anapokea mistari ya Biblia ambayo bibi wala hakuisema. Alivyorudi alimuuliza, "Hivi wewe uliokoka lini?"

Fundi Redio
Hahaha bibi kanimaliza.
Mimi nakumbuka telegramu, wazee wetu wakiita simu ya maandishi. Unalipia kwa neno, kwa hiyo hakuna salamu wala "natumai hujambo". BABA MGONJWA NJOO. Ukiona "mgonjwa" ujue mmeshazika au mnakaribia, maana hakuna mtu wa kuchoma hela ya telegramu kwa homa. Posta ndogo haikuwa na mtambo. Postamasta anasomewa na wenzake wa Njombe kwenye ile simu ya kuzungusha kwa mkono, anaandika kwa kalamu, anapiga mhuri, kisha anamtafuta kijana mwenye baiskeli. Kijana akionekana anashuka bondeni anakanyaga kwa nguvu, akina mama wanaanza kulia kabla hajasema anakwenda nyumba ipi.
Upande wa pili kulikuwa na wajanja. Kazini ruhusa hupewi bila telegramu. Basi unamwandikia mdogo wako akutumie. Kuna jamaa kiwandani kwetu alimuua mama mkwe kwa telegramu mara mbili, bosi akamuuliza ana wake wangapi.

Ulanzi Baridi
Fundi, na zile kadi za salamu za redio je? S.L.P. 9191 Dar es Salaam, hiyo hata usingizini naitaja. Unatuma kadi, unasubiri miezi, siku wanasoma jina lako betri zimekwisha.

Mzee wa Pareto
Uzi huu umenikamata pabaya. Ngoja nimwage. Ofisi siitaji.
Kwetu ukiita "Sanga!" njiani wanageuka watu saba. Mzee wetu alikuwa E. Sanga. Ng'ambo ya mto kulikuwa na E. Sanga mwingine, na wote wanatumia S.L.P. ya shule. Kaka yetu mkubwa alikuwa Kariakoo. Alianza kwa kutembeza mitumba begani, baadaye akapata meza. Mama akaugua tumbo, hospitali ya misheni wakasema apasuliwe, tuandae hela. Baba akaniandikisha barua kwenda kwa kaka. Tukasubiri. Baba anatoka alfajiri, Juni ile ya kwetu, majani meupe kwa barafu, anatembea mpaka posta, anaambiwa hakuna kitu mzee. Anarudi giza limeingia, hasemi na mtu. Maneno yakaanza kwamba kaka kapata mwanamke wa pwani, kasahau kwao. Usiku mmoja baba alimtamkia kaka maneno ambayo mzazi hatamki, na sisi wote tumekaa pale motoni tunasikia.
Wakati huo ng'ambo ya mto watu wanaezeka. Nyasi zinashuka, mabati yanapanda. Kijiji kizima tulikwenda kusaidia. Mimi nilibeba bati kichwani, nikapewa togwa.
Nakuja, simu inazima.

Binti Kyela
Mzee usituache hapo!!

Fundi Redio
Nimekaa paleee.

Mnadani
Chai hii. Yaani hela ya kaka aliichukua huyo Sanga wa ng'ambo? Hawala ya posta huwezi kuchukua kirahisi hivyo.

Mwalimu Mstaafu
Nami nina shaka kidogo, ndugu Mzee wa Pareto, kwa heshima. Hawala ilikuwa na utaratibu. Mpokeaji aliulizwa jina la aliyetuma kabla hajalipwa. Huyo wa ng'ambo alilijuaje?
Wakati tunamsubiri, nisahihishe jambo. Vijana wengi husema posta ililetwa na Mwingereza. Huku kwetu Mjerumani alitangulia. Boma lake la kwanza, Langenburg, lilikuwa ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kisha akapanda Tukuyu akapaita Neu Langenburg. Barua zilibebwa na matarishi kwa miguu, mtu na mtu wanapokezana njiani. Mwingereza alikuja kuunganisha posta ya Tanganyika na ya Kenya na Uganda mwaka 1933, ndiyo maana stempu za wazee wetu zina majina ya nchi tatu. Jumuiya ilipovunjika 1977 tukabaki na Shirika letu la Posta na Simu.

Mnadani
Ambalo lilivunjwa 1993, posta kivyake, simu kivyake.

Mwalimu Mstaafu
Sheria ni ya 1993. Kugawana kwenyewe 1994.

Mnadani
Si nimesema 1993?

KonaHamsini
Jamani mabati!

Mzee wa Pareto
Nimerudi. Mwalimu, swali lako ndilo aliloulizwa yule mzee wa ng'ambo barazani. Barua ya kaka, ile ya kusema nimetuma kiasi fulani, iliingia kwenye fuko moja na taarifa ya hawala. Paredini akapewa mtoto wa ng'ambo. Ikafunguliwa. Jina la mtumaji limo, kiasi kimo. Utambulisho ukatoka kwa balozi wa nyumba kumi, kamwandikia kwamba huyu ni E. Sanga wa kijiji hiki. Na kweli alikuwa E. Sanga wa kijiji hiki! Karani akatae nini?
Ilijulikana kaka alipotokea na basi bila taarifa, baada ya kusikia huko Kariakoo kwamba mama bado yuko kitandani. Stakabadhi ya posta anayo mfukoni. Baba aliigeuzageuza ile karatasi, akatoka nje, akakaa huko zizini mpaka tulipokwenda kumfuata.
Mama alipasuliwa kwa kuchelewa. Aliishi, ila jembe hakushika tena.
Wazee walikaa. Wengine walitaka mabati yashushwe siku hiyo hiyo. Baba akakataa, akasema mle ndani kuna watoto na huu ni mwezi wa saba. Ikaamuliwa jamaa alipe kwa pareto kila msimu. Yale maneno ya usiku kaka alikuja kuyasikia kwa shangazi, hakumuuliza baba hata siku moja. Ila tangu hapo hela za nyumbani alituma kwa kondakta wa basi.

Bibi wa Rungwe
Pole sana baba. Nimesoma mara mbili.

Mnadani
Sawa, nafuta chai. Lakini kondakta? Hao si ndio walikuwa wezi wenyewe?

Fundi Redio
Kondakta unamjua kwao. Asipofikisha, unakwenda kukaa kwa mama yake mpaka atoe.

Ulanzi Baridi
Mlima Livingstone, swali lako la fomu limefunikwa na mabati. Andika S.L.P. ya shule, hakuna mtu anayetuma barua siku hizi.

Mwalimu Mstaafu
Usimdanganye mwenzio. Akodi sanduku lake, alipie kila mwaka, awe na anwani yake mwenyewe. Kuna barua za mahakama na za mafao.

Binti Kyela
Andika postikodi basi, si walibandika namba za nyumba 2022? Za Mkoa wa Njombe zinaanza na 59.

KonaHamsini
Kwetu kibao cha namba ya nyumba mbuzi kaking'oa. Andika ya kanisa.

Mnadani
Andika Sanga tu, itafika. Kwa nani, hiyo shauri yako.

Mjukuu wa Ng'ambo
Mzee wa Pareto, nimejiunga sasa hivi kwa ajili yako. Hicho kijiji juu kuna kanisa na chini mtoni mashine ya kusaga? Kama ndicho, huyo ni babu yangu, na pareto alilipa yote. Futa.

Mzee wa Pareto
Alilipa misimu miwili akasema bei imeshuka. Muulize shangazi yako.

Mjukuu wa Ng'ambo
Shangazi yupi? Tunao wengi.

Mzee wa Pareto
Aliyenipa togwa. Anajua.