Wakuu naombeni ushauri, komponenti za gari: twita ya hariri au ya chuma?

Kichwa Ngumu
Heshima kwenu wakuu, nimekwama. Nataka kubadilisha spika za milango ya mbele nifunge komponenti za maana, inchi 6 na nusu, yaani wufa ya besi chini mlangoni, twita ya sauti nyembamba juu pembeni na krosova yake ya kuwagawia sauti. Nimesoma mpaka macho yanauma, huyu anasema twita ya hariri ni laini haichoshi sikio, yule anasema ya chuma ndo inatoa kila kitu mpaka mwimbaji akivuta pumzi unasikia. Mimi ni mtu wa magitaa na sauti za watu, disko siyo sana. Usingizi sipati nawaza twita tu. Wenye uzoefu nichague ipi? Msinitukane tafadhali.

Mzee wa Besi
Piga sabufa ya inchi 12 kwenye buti, hizo twita utazisahau. Mimi nikiwasha vibao vya namba vinacheza vyenyewe.

Fundi Waya
Mkuu hariri au chuma ni swali la mwisho kabisa. Gari gani? Redio gani? Kuna amplifaya? Redio nyingi zimeandikwa wati 50 mara 4 ila hiyo ni ya kilele, RMS yake, yaani nguvu inayodumu, haivuki 20 na kitu kwa kila spika. Sasa ukinunua spika inayotaka RMS 100 ukaichomeka hapo utalaumu spika bure. Kama huna amplifaya tafuta yenye sensitiviti (sauti inayotoa kwa nguvu kidogo) ya desibeli 90 kwenda juu, maana kila desibeli 3 unazokosa ni lazima nguvu iwe mara mbili ndo upate sauti ileile.

Kichwa Ngumu
Shukrani Fundi ila tuyaache ya amplifaya kwanza. Redio ni ya kawaida tu. Swali langu ni twita.

Mama Wawili
Baba watoto alifunga hizo komponenti zenu, akajisifu wiki nzima. Siku ya joto nashusha kioo, kikafika nusu kikagoma, nikabonyeza tena nikasikia kraaa! Sumaku ya wufa ilikuwa imekaa njia ya kioo. Kwa hiyo wanangu pimeni kina cha mlango kioo kikiwa kimeshuka chote, siyo kikiwa juu. Na kabla ya mziki kaangalieni breki, nyie vijana gari linalia chini mnaongeza sauti ili msisikie.

Mzee wa Besi
Mama umenisema mimi kabisa 😂

Fundi Waya
Kichwa Ngumu hujajibu. Gari gani? Na kwa nini una haraka ya hariri na chuma kama hujanunua?

Kichwa Ngumu
Sawa acha niseme maana mnanibana. Spika nimeshanunua, za chuma. Na mlango wa dereva nimeshafunga, ndo nasikia twita inachoma masikio na besi hakuna kabisa, sauti nyembambaaa. Gari ni la shemeji, kaniachia niwe naliwasha betri isife, na mimi nataka akirudi akute sapraizi. Tundu la mlango lilikuwa dogo nikalitanua kidogo na mkasi wa bati, kidogo tu jamani, kava likirudi halionekani. Kwa hiyo msianze, hii ni fadhila namfanyia.

Mama Wawili
Mwanangu gari la watu umelikata mkasi???

Kifaru Mpole
Fadhila kwa mkasi wa bati hii mpya. Mimi shemeji yangu nilimwazima jaketi tu mpaka leo hatuongei vizuri.

Fundi Waya
Ringi za adapta zipo kwa kazi hiyohiyo, za plastiki au unakata mbao ya plai, hukuhitaji kugusa bati. Haya. Hapo ulipokata paka rangi kutu isiingie. Ile nailoni ya ndani ya mlango irudishe, inazuia maji. Matundu makubwa ya bati yazibe na yale matandiko ya butili, raba ya kunata, wufa ikipumua mbele na nyuma kwa pamoja besi inajiua yenyewe. Krosova usiilaze chini ya mlango maji yanapopita. Na usipige skrubu kwenye nguzo ya kioo cha mbele kabla hujajua kama kuna eabegi ya pazia, mfuko wa hewa wa ajali, nyuma ya lile kava, hiyo siyo utani.

Kifaru Mpole
Angalia na chanya hasi. Chukua betri ndogo ya volti 1.5, gusisha kwenye wufa sekunde moja, chanya kwa chanya karatasi inatoka nje. Ikiingia ndani umegeuza.

Mtu Baki
Wakuu mnajaza seva bure, hii chai. Posti ya kwanza anachagua, ya tatu kashanunua na kashakata bati. Na huyuhuyu kwenye uzi mwingine alikuwa analalamika amplifaya inalia wiiii akikanyaga mafuta. Amplifaya ya nani kama gari ni la kuachiwa na redio ni "ya kawaida tu"?

Mzee wa Besi
Weee! Naweka kigoda hapa.

Mama Wawili
Na mimi nilivyomwonea huruma shemeji wa watu.

Kichwa Ngumu
Siyo chai Mtu Baki. Amplifaya ni ya shemeji iko chini ya siti, ndo maana nilisema tuiache. Sikutaka muanze kunihukumu.

Fundi Waya
Subiri kwanza. Shemeji ana amplifaya. Nyuma ya kava uliona kitu kingine?

Kichwa Ngumu
Kiboksi cheusi kidogo, nikajua cha loki za milango nikakiacha. Waya nilichukua ule uliokuwa unaenda kwenye twita ya zamani kwa sababu ndo ulikuwa karibu, nikaingiza krosova mpya.

Fundi Waya
Hicho kiboksi ndo krosova yake. Waya wa twita umeshachujwa, sauti za chini zimebaki kwenye boksi, wewe ukaupeleka kwenye krosova nyingine ukasubiri besi! Twita ya chuma haina kosa hapo. Chukua waya unaotoka kwenye amplifaya kabla ya kiboksi, halafu kama krosova yako ina kiswichi cha kupunguza twita shusha desibeli 3 usikilize tena. Spika ulizotoa zilikuwaje?

Kichwa Ngumu
Wufa rangi ya njano imefumwafumwa. Twita ya kitambaa.

Kifaru Mpole
Uuuwi. Hiyo ni Kevlar, nyuzi ngumu za spika za maana, na hariri. Umemng'olea mtu komponenti zake umfungie komponenti.

Kichwa Ngumu
Lakini zilikuwa na vumbi jamani, na mpya ni mpya. Hata hivyo upande wa abiria bado sijagusa, nisikilize kwanza ipi nzuri.

Mama Wawili
Shemeji anarudi lini?

Kichwa Ngumu
Jumamosi.

Mtu Baki
Bado nasema chai. Weka picha ya hilo tundu.

Mzee wa Besi
Mkuu hiyo wufa ya njano kama huihitaji, njoo inbox.