Wiki ya 8: kichefuchefu kimetoweka ghafla

Swali: Ndugu zangu, nina ujauzito wa wiki 8, na baada ya siku 14 za kutapika kila asubuhi, jana niliamka bila kichefuchefu chochote, badala ya kufurahi, nimejawa na hofu. Je, hiyo ni dalili mbaya?

Jibu la 1: Pole sana, dada. Kwa kawaida kichefuchefu huanza karibu na wiki ya 6, hupanda na kushuka, na kwa wengi hupungua kati ya wiki ya 12 na ya 16, hivyo siku moja ya nafuu haithibitishi kwamba mimba ina tatizo. Hata hivyo, ukitokwa na damu au ukipata maumivu makali ya tumbo, usisubiri miadi. Nenda hospitali siku hiyohiyo.

Jibu la 2: Nikiwa baba mtarajiwa, naongeza kwamba uchovu wa miezi hii, ambao huchochewa na homoni ya projesteroni, hauonekani kwa macho, nami nilichelewa kuuelewa. Mweleze mwenzako hofu hiyo leo.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Nimezungumza na mkunga, naye atanipima kesho; asidi ya foliki naendelea kuimeza kila siku.