MJADALA: Darasa la watu wazima la falsafa ya Wajerumani, zile kurasa za Hegel kuhusu Afrika zisomwe au zirukwe?

Wakuu habari za muda huu. Naleta hii mada kwa sababu kila ikitajwa falsafa ya udhanifu ya Wajerumani (ile inayosema akili ndo inaipa dunia umbo), yaani Kant, Fichte, Schelling na Hegel, wadau wanagawanyika palepale. Kuna wanaosema tusipoteze muda na watu waliotutukana, kama Hegel aliyesema Afrika haina historia, na kuna wanaosema tuchukue mazuri yao tu, matusi tuyaruke maana ndo zama zao. Mimi napinga pande zote mbili, na namzungumzia mtu mzima anaefanya kazi mchana na kusoma jioni, sio kijana wa chuo mwenye miaka yake mitatu ya kuzunguka.

Kwanza aanzie wapi. Wengi wanamtwisha kitabu kikubwa cha Kant cha 1781, Uhakiki wa Akili Safi, na watu wanakimbia mapema kabisa. Mimi naona aanze na makala yake fupi ya 1784 aliyojibu swali la mwangaza ni nini, yaani mtu kuthubutu kutumia akili yake mwenyewe, ambapo Kant anasema kuna watu wazima wanabaki watoto kwa hiari yao, kitabu kiwafikirie, mchungaji awe dhamiri yao, daktari awapangie chakula, wakati akili wanayo ila ujasiri wa kuitumia hawana. Mtu mwenye familia na kazi analielewa hilo siku hiyohiyo, na analibeba mpaka mwisho wa kozi.

Ndo sasa unamwingiza kwenye lile wazo kubwa. Kabla ya Kant kuna waliosema ujuzi unatoka kwenye akili peke yake na kuna waliosema unatoka kwenye milango ya fahamu peke yake. Kant akasema vyote viwili vinahusika, ila akili haipokei tu, inatoa umbo. Fikiria chuma cha vitumbua, rojo unaweza kuibadilisha unavyotaka, ya mchele, ya ngano, yenye nazi au isiyo na nazi, kitumbua kitatoka mviringo tu kwa sababu mviringo unatoka kwenye chuma. Mahali, wakati, sababu na matokeo, kwa Kant hayo ndo maumbo ya akili yetu, kwa hiyo tunaijua dunia inavyotutokea, vitu vyenyewe vilivyo hatuvifikii. Waliomfuata hawakuridhika na huo mpaka. Fichte akaanza na "Mimi", yaani nafsi inayojijenga kwa kutenda, Schelling akasema maumbile sio kitu kilichokufa, na Hegel akasema fikra inajikamilisha kupitia historia, kwa migongano.

Hapa kwa Hegel ndo pa kukaa. Kitabu chake cha 1807 kina ile sehemu ya bwana na mtumwa: bwana anataka kutambuliwa ila anaemtambua ni mtu ambae yeye mwenyewe hamhesabu kuwa mtu, kwa hiyo heshima yenyewe haimshibishi, wakati mtumwa kwa kazi ya mikono yake anaona alichokigeuza duniani na anaanza kujijua. Sijasoma kitu chenye nguvu kama hiki kuhusu utu. Alafu mtu huyohuyo, kwenye mihadhara yake ya historia pale Berlin, aliyoianza 1822 na kuirudia mpaka karibu na kifo chake 1831, anaikata Afrika vipande vitatu, ya kaskazini anawapa Wazungu, bonde la Nile analiunganisha na Asia, inayobaki anasema haina historia. Na utumwa anasema ni dhulma, ila uondolewe polepole kwa sababu eti Mwafrika hajakomaa. Mimi nasema kurasa hizi zisomwe darasani, kwa sauti, na mwanafunzi aambiwe azipime kwa mizani ya Hegel mwenyewe, ile ya bwana na mtumwa.

Mchangiaji: Mleta mada nakuheshimu lakini hapo sikubaliani. Mtu katoka kazini kachoka aje asomewe kwamba babu zake hawakuwa na historia, hiyo ni elimu au kujeruhiana? Ulaya nzima wakati ule ilikuwa inawaza hivohivo, sasa utamlaumu nani. Afu tuna wanafikra weusi, tuna Amo, tuna Nkrumah, tuna Fanon aliyeandika dhidi ya ukoloni, kwa nini tusianze na wetu tukawaacha hao wengine wajisomee wanaowataka?

Mleta mada: Mkuu nashukuru, umegusa penyewe. Hilo la Ulaya nzima nalikataa kabisa. Georg Forster, msomi Mjerumani, alimpinga Kant hadharani kwa maandishi mwaka 1786 juu ya aliyoyaandika Kant kuhusu rangi za watu. Historia ya wafalme wa Kilwa ilikuwa imeshachapishwa Lisbon na mwanahistoria Mreno João de Barros tangu 1552, kwa hiyo mtu wa 1822 kusema kusini mwa Sahara hakuna historia ni kwamba hakutafuta. Haiti watumwa walijikomboa wakatangaza dola yao 1804, na Hegel habari za Haiti alikuwa nazo, anaitaja. Sasa aliona watumwa wamesimamisha dola, bado akasimama mbele ya wanafunzi akasema uhuru uje polepole. Huwezi kuyaita hayo zama, hilo ni kosa la mtu, na mwanafunzi asipoziona hizo kurasa hawezi kulijua kosa lenyewe lilipo.

Kuhusu Fanon, kitabu chake cha 1952 kina sehemu nzima anabishana na Hegel juu ya bwana na mtumwa, anaonyesha kwamba bwana wa koloni hakutaka kutambuliwa, alitaka kazi tu. Ukimwondoa Hegel, msomaji ataiona nusu ya ugomvi. Uchungu wa hizo kurasa siukatai, ndo maana nazitaka baada ya bwana na mtumwa na sio kabla, mtu awe na silaha mkononi.

Ila kwa Amo nakuunga mkono moja kwa moja, na nakwenda mbali zaidi yako. Anton Wilhelm Amo, mzaliwa wa Axim huko Ghana ya leo, awekwe wiki ya kwanza, kabla hata ya Kant. Tasnifu yake juu ya roho na mwili aliitetea Wittenberg 1734, Kant akiwa mtoto wa miaka kumi, akafundisha Halle, na kuanzia 1739 akafundisha Jena, chuo kilekile ambacho Fichte, Schelling na Hegel walikuja kufundisha zaidi ya miaka hamsini baadae.