Ulinganisho: saa za ukutani za jengo zima zisome sawa. Wi-Fi, kebo ya mtandao, redio au saa mama?

Mtunza_Jengo

Wakuu, habari za wakati huu. Naomba tulinganishe njia hizi kabla sijapeleka mapendekezo kwa wakubwa.

Jengo ni la ghorofa nne, zege tupu, korido ndefu, saa za ukutani hamsini na kitu. Kwa sasa kila moja ina betri yake na inakwenda kivyake. Tunafanyia mitihani humu. Msimamizi wa chumba cha kwanza anakusanya karatasi kwa saa yake, wa chumba cha pili anatazama ya kwake na kuwaacha watu waendelee kuandika dakika mbili zaidi. Mtahiniwa aliyechukuliwa karatasi mapema ana haki ya kulalamika, na sina cha kumjibu.

Nilizoziona sokoni: saa za betri zinazojiunga na Wi-Fi, saa zinazopata umeme na wakati kwa kebo moja ya mtandao (PoE), kisambazaji kimoja cha redio kinachozilisha saa zote. Halafu kuna nyaya za mfumo wa zamani wa saa mama, yaani saa moja kuu inayoziendesha nyingine zote, ambazo bado zimo ukutani. Ipi mngechukua? Na ipi, ikikosea, inakosea vibaya zaidi?

Kebo_Kwanza

PoE bila kusita, mkuu. Kebo moja inaleta umeme na wakati, hakuna kupanda ngazi kubadilisha betri. Kiwango cha kwanza cha PoE, 802.3af cha mwaka 2003, kinatoa hadi wati 15.4 kwenye swichi (kifaa kinachogawa mtandao kwenye kebo), na upande wa pili unabaki na wati 12.95. Saa ya mishale inakula sehemu ndogo tu ya hapo. Mpaka wake ni mita 100 kutoka swichi hadi saa, kwa hiyo kwenye korido zako ndefu pima njia yenyewe ya kebo, pamoja na kupanda na kushuka kwake ukutani. Ukipima kwa mchoro wa jengo utakuja kupungukiwa.

Ninachokipenda zaidi ni UPS, yaani betri ya akiba. Swichi zinazolisha saa zikiwa kwenye UPS, umeme ukikatika saa za jengo zima zinaendelea kutembea. Unatunza betri chache kwenye kabati badala ya betri hamsini zilizotawanyika, kila moja ikifa kwa siku yake.

Dada_Mitandao

Kaka Kebo anasema kweli, ila kutoboa zege mara hamsini ni kazi nzito na watu wengi hukwama hapo, ndiyo maana wanakimbilia Wi-Fi. Nasimamia Wi-Fi ya jengo kubwa, acha nieleze inavyokuwa.

Saa nyingi za aina hii zinatumia masafa ya 2.4 GHz peke yake. Ili betri idumu zinalala muda wote, zinaamka mara chache kwa siku, zinauliza wakati, zinalala tena. Kwa usahihi hilo linatosha. Kristali ya kwatzi ya kawaida, ile inayohesabu muda ndani ya saa ya betri, hupotea kiasi cha sehemu 20 kwa milioni, yaani kama sekunde 1.7 kwa siku. Ikisahihishwa kila siku, mtu aliyekaa darasani hawezi kuona kosa. Isiposahihishwa ndiyo hali yako ya sasa: kama sekunde 50 kwa mwezi, na saa mbili zikipotea pande tofauti, moja ikiwahi na nyingine ikichelewa, zinaachana zaidi ya dakika moja na nusu kabla mwezi haujaisha.

Shida iko kwenye kujiunga. Mtandao wa taasisi ambao kila mtu anaingia kwa jina na nywila yake, saa nyingi za bei ndogo haziuwezi. Zinajua nywila moja ya pamoja tu. Basi unazifungulia mtandao wa pembeni. Siku watu wa usalama wakibadilisha nywila ya mtandao ule, saa zote zinakosa mawasiliano na hakuna hata moja inayosema. Zinaendelea kutembea kwa kwatzi, kwa nje zinaonekana nzima, na zinaanza kuachana taratibu. Utakuja kujua siku ya mtihani. Kuzikagua kwa mbali nako ni taabu, maana saa iliyolala haijibu.

Umeuliza ipi inakosea vibaya. Kwangu ni saa inayodanganya kwa utulivu. Kabla hujanunua yoyote, muulize muuzaji: saa ikikaa siku kadhaa bila kupata wakati, inaonyesha nini? Baadhi ya saa za mishale za mtandao zikipoteza wakati hupeleka mishale kwenye kumi na mbili na kusimama hapo. Za tarakimu nyingine huonyesha vistari. Hizo nazisifu, kwa sababu mpita njia yeyote anaona kwamba kuna tatizo.

Masafa_Mafupi

Kwenye redio tutenganishe mambo mawili ambayo wauzaji huyachanganya.

Kuna saa zinazopokea redio ya taifa ya wakati: DCF77 ya Ujerumani kwenye 77.5 kHz kutoka Mainflingen, MSF ya Uingereza kwenye 60 kHz kutoka Anthorn, WWVB ya Marekani kwenye 60 kHz kutoka Fort Collins, JJY ya Japani kwenye 40 na 60 kHz. Ukiwa nje ya eneo la kituo, saa hiyo ni ya kwatzi tu kama nyingine yoyote, hata kama boksi limechorwa mnara. Ukiwa ndani ya eneo, chuma kilichomo kwenye zege kinakula mawimbi, na vifaa vya umeme vinaongeza kelele. Saa ya dirishani inapata, ya katikati ya korido haipati. Kwa nyumba sawa. Kwa jengo lako hapana.

Halafu kuna kisambazaji cha jengo lenyewe. Kinapata wakati kutoka GPS au mtandao, kisha kinaurusha kwa saa za betri. Masafa yake hutegemea nchi: Ulaya mara nyingi ni 868 MHz, Marekani 915 MHz, kwa hiyo hakikisha unachonunua kinaruhusiwa ulipo. Kinapenya kuta vizuri kuliko Wi-Fi ya 5 GHz, hakihitaji nywila ya mtu, na pale kisipofika unaongeza kirudia mawimbi. Udhaifu wake ni kwamba mifumo mingi husema bila kusikia. Kisambazaji hakijui saa ipi imepokea, kwa hiyo bado unahitaji mtu wa kupita na kutazama.

Mzee_wa_Mipigo

Vijana, msizitupe nyaya za ukutani kabla ya kujua zilikuwa zinafanya kazi gani. Wazo la kuendesha saa nyingi kwa umeme kutoka saa moja ni la zamani, Alexander Bain alipata hataza ya saa ya umeme mwaka 1841, na limedumu kwa sababu ni rahisi.

Katika mfumo uliozoeleka, saa mama inatuma mpigo mmoja kila dakika, mara nyingi wa volti 24. Mpigo huu ukiwa chanya kwa hasi, unaofuata unageuzwa. Saa za ukutani hazina akili yoyote ndani, ni koili na gurudumu tu. Kila mpigo, mshale unaruka dakika moja. Kwenye korido utaona saa zote zimeruka kwa pamoja, na hakuna betri hata moja ya kubadilisha.

Umeme ukikatika zote zinasimama pamoja kwenye dakika ileile. Ukirudi, saa mama iliyokuwa inahesabu kwa betri yake inatuma mipigo ya haraka hadi zote zifike. Na siku hizi zipo saa mama zinazopokea wakati kwa NTP (njia ya kupeana wakati kwenye mtandao) au GPS upande mmoja na kutoa mipigo upande wa pili. Unabadilisha kifaa kimoja, nyaya na saa vinabaki.

Kebo_Kwanza

Shikamoo Mzee. Naheshimu mfumo huo, lakini hapo kwenye "hazina akili" ndipo nina wasiwasi. Saa ikikosa mpigo mmoja kwa sababu kiungo cha waya kimelegea, inabaki nyuma dakika moja na haitajirekebisha kamwe. Saa mama haijui. Hilo si lilelile la kudanganya kwa utulivu alilolisema dada?

Mzee_wa_Mipigo

Marahaba. Ni kweli, na silifichi. Hata fundi akigeuza nyaya mbili za saa moja wakati wa matengenezo, mpigo wa kwanza unaikuta imeshakaa upande huo, haisogei, na inabaki dakika moja nyuma ya wenzake. Tofauti ni kwamba kosa hili huja kwa dakika nzima, linaonekana ukilinganisha saa mbili. Halikui kidogo kidogo kama la kwatzi. Kubwa zaidi ni kurudisha saa nyuma kwa nchi zinazobadilisha majira: mishale hairudi, kwa hiyo saa mama husubiri kwa muda wa saa nzima au huisukuma mishale mbele kwa muda wa saa kumi na moja.

Mtunza_Jengo

Nashukuru sana wote. Sasa nauliza la chini yake: saa zenyewe, au saa mama, au kisambazaji, zichukue wakati wapi? Mwenzangu mmoja ananiambia ninunue vifaa vya PTP.

Seva_ya_Muda

Hapa ndipo ningeweka nguvu zako kuliko kwenye saa zenyewe.

PTP (IEEE 1588) ni itifaki ya kupeana wakati kwa kazi zinazohitaji usahihi wa chini ya mikrosekunde moja, kama mitambo ya umeme na studio za matangazo. Jicho halina haja nayo. NTP, itifaki ya David Mills wa Chuo Kikuu cha Delaware iliyochapishwa kama RFC 958 mwaka 1985, ndani ya jengo moja inakupa usahihi wa milisekunde chache kwa urahisi. Hata SNTP iliyorahisishwa inatosha kwa saa ya ukutani.

Usikubali saa hamsini ziende kila moja kuuliza seva ya mbali kwenye intaneti. Mwaka 2003 Chuo Kikuu cha Wisconsin–Madison kilifurikwa na maombi ya wakati kutoka kwenye ruta za Netgear zilizoandikiwa anwani ya seva yake moja kwa moja ndani ya programu, na zilipokosa jibu zilirudia kuuliza kila sekunde. Kwa hiyo swali la kwanza kwa muuzaji: anwani ya seva ya NTP naweza kuibadilisha mwenyewe? Kama hawezi kujibu, ondoka dukani. La pili: inaweza kuipokea anwani hiyo kwa DHCP (huduma inayovipa vifaa mipangilio ya mtandao), chaguo namba 42? Hapo ukihamisha seva hugusi hata saa moja.

Weka seva yako ndani ya jengo. Kompyuta ndogo yenye chrony, programu ya NTP, inatosha, ikisoma vyanzo vinne vya nje au zaidi. Vikiwa viwili na vikatofautiana, seva haina namna ya kujua kipi kinadanganya. Ukiweza, ongeza kipokezi cha GPS chenye antena inayoona anga, ndipo intaneti ikikatika unaendelea kuwa na wakati wa kweli. Usipokuwa nacho, chrony ina agizo la `local stratum 10`: seva inaendelea kuzijibu saa hata ikikosa vyanzo vyote. Itapotea kidogo, lakini jengo zima litapotea pamoja. Kwa mitihani hilo ndilo unalolitaka, kwa sababu haki ya mtahiniwa inategemea vyumba kulingana.

Jambo moja la mbele kidogo: kihesabu cha sekunde cha NTP kina biti 32 kilichoanza mwaka 1900, na kinajaa na kurudi sifuri tarehe 7 Februari 2036. Saa nzuri unayoitundika leo inaweza kuwa bado iko ukutani siku hiyo. Uliza kama programu yake inalijua hilo na kama inaweza kusasishwa.

Dada_Mitandao

Naunga mkono. Na kwenye fayawoli, ruhusu UDP 123, mlango wa NTP, kutoka saa hadi seva ya ndani tu, basi. Saa za ukutani hazina shughuli nyingine yoyote kwenye mtandao, ziwekee VLAN yao, yaani kipande cha mtandao kilichotengwa.

Mtunza_Jengo

Naanza kuona njia. Seva ya ndani kwanza, hilo halina mjadala. Ghorofa mbili za juu zina kebo za mtandao kwenye dari tayari, huko nitapendekeza PoE. Ghorofa mbili za chini, zilizo na vyumba vikubwa vya mitihani, ndizo zenye nyaya za zamani na hazina kebo nyingine. Mzee, nitajuaje kama nyaya zile bado ni nzima?

Mzee_wa_Mipigo

Kwanza hakikisha kabisa hazina umeme wa njia kuu, kuna majengo ambayo watu waliziazima kwa kengele au taa. Kisha ondoa saa zote kwenye mstari, acha ncha za mbali wazi, na mwambie fundi umeme apime ukinzani kati ya waya na waya, halafu kati ya kila waya na ardhi. Akikuta umeme unavuja kati yao, mstari una unyevu au ganda limekufa, achana nao. Ukiwa safi, unganisha ncha za mbali pamoja na apime tena: hapo anatafuta ukinzani mdogo, na usiruke akitikisa viungo. Viungo vya kwenye maboksi ya korido ndivyo vinavyooza kwanza, vifunguliwe vyote hata kama kipimo ni kizuri.

Halafu tundika saa mbili tu, moja mwanzo na moja mwisho wa mstari, ziache zitembee mwezi mzima. Zikimaliza mwezi kwenye dakika moja, ongeza zilizobaki.

Kebo_Kwanza

Na mwezi huohuo tundika moja ya PoE kando ya ile ya mwisho wa mstari, mkuu. Hapo utakuwa na kipimo kinachosomwa na kila anayepita, na Mzee na mimi hatutakuwa na cha kubishania.